Makala Iliyohesabu Risasi

Wikipedia ya Kiingereza ina makala kuhusu vita vya Jasini. Si ndefu. Unaweza kuimaliza ukiwa Lunga Lunga unangoja gari la Vanga lijae, na bado ukapata muda wa kununua muhogo. Vita vyenyewe vilipiganwa tarehe 18 na 19 Januari 1915, kwenye shamba la mkonge la Wajerumani, upande ambao leo ni Tanzania. Kutoka Vanga hadi huko ni pua na mdomo.

Makala hiyo inajua mambo mengi. Inamjua Kanali Raghbir Singh, aliyewaongoza wanajeshi wa Kihindi waliowekwa Jasini na Waingereza, zaidi kidogo ya 300, na inajua kwamba aliuawa pale pale. Inamjua Kapteni Hanson aliyejisalimisha risasi zilipoisha. Inajua kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimpongeza Hanson kwa jinsi alivyopigana, kisha akamwachilia kwa ahadi kwamba hatashika tena silaha vita vikiendelea. Inajua hata idadi ya risasi walizofyatua Wajerumani: 200,000.

Mtu wa Vanga haimjui hata mmoja. Wala wa Jasini yenyewe.

Nataka kuisoma makala hii jinsi tunavyosoma hadithi fupi humu gazetini: nani anasimulia, amesimama wapi, anaona nini na macho yake yanakomea wapi. Ensaiklopidia huwa hatuisomi hivyo. Tunainywa kama maji ya mfereji, hakuna anayeuliza yametoka mto gani. Lakini na yenyewe ni maandishi, ina msimulizi, hata kama msimulizi huyo ni watu mia wasiojuana.

Chukua hiyo 200,000. Kwa nini risasi zilihesabiwa? Kwa sababu aliyeandika alikuwa na ghala. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, Lettow hakuwa na uhakika wa kupata risasi nyingine, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920 anaeleza kwamba baada ya Jasini alipiga hesabu akaona akiba yake ingemtosha kwa mapigano matatu tu zaidi ya namna ile. Maafisa nao walikuwa wamekufa kuliko alivyoweza kumudu. Ndipo akaacha kupigana uso kwa uso, akaanza mambo ya kuvizia, kulipua reli ya Uganda, kupiga na kutoweka. Kwa hiyo namba ile naamini ni ya kweli. Lakini ni namba ya mwenye duka anayeangalia rafu zinavyobaki tupu. Mtu huhesabu kile anachoogopa kimwishie. Upande wa Waingereza, kitabu kinachotegemewa ni historia rasmi ya Charles Hordern ya mwaka 1941, nacho kina hofu zake: nani aliamuru nini, na kwa nini kikosi kidogo kiliachwa mbele peke yake. Mwenye kalamu aliyeogopa kuishiwa na watu wa Vanga hakuwepo.

Hata askari Waafrika, waliokuwa sehemu kubwa ya jeshi la Lettow, wanaingia kwenye maandishi kama kampuni. Kampuni tisa. Wale wa KAR waliojaribu kuwafikia wenzao waliozingirwa wakashindwa, nao ni kampuni. Hivyo ndivyo vita vinavyoandikwa na majemadari, na makala inayotegemea majemadari itarithi macho yao bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Sijui kama mnanielewa: hakuna aliyedanganya. Kila sentensi ina tanbihi yake, na kila tanbihi inakupeleka kwenye kitabu kilichopo kweli.

Sasa, sisi kwetu hadithi ipo.

Nyanya yangu, ambaye ni wa Vanga, anasema mamake alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi Wadachi walipopiga Jasini. Watu wa mtaa wao walikimbilia mikokoni, wakakaa humo siku saba. Ilikuwa Mfungo Sita na Maulidi mwaka ule hayakusomwa. Giza lilikuwa totoro, na maji yaliwakuta alfajiri, yakawafika watoto vifuani.

Mjomba, mtoto wa nyanya huyo huyo, aliisikia hadithi hiyo kwa mdomo huo huo wa bibi yake. Yeye anasema siku tatu. Anasema ilikuwa mbalamwezi, mpaka walikuwa wakiogopa kuonekana. Na anasema hawakumkimbia Mdachi, walimkimbia Mwingereza aliyekuwa akikamata vijana wakabebe mizigo ya jeshi. Kwenye maji tu ndipo wanapokubaliana: yaliwakuta alfajiri.

Mwaka jana, usiku mmoja, bando likiwa linakaribia kwisha, nilifungua akaunti nikaongeza sentensi moja kwenye makala. Niliandika kwamba wakazi wa Vanga walikimbilia mikokoni kwa siku saba. Nilichagua ya nyanya kwa sababu ni nyanya. Sentensi haikulala. Asubuhi nilikuta mhariri fulani ameiondoa na kuacha maneno mawili matatu ya adabu: haina chanzo, tafadhali leta chanzo.

Nilikasirika, bila shaka. Nilitembea kutwa nikijiambia eti wazungu wametufuta tena. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba yule mtu, awe nani, awe wapi, alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilikuwa na masimulizi mawili yanayopingana, nikachagua moja kwa mapenzi, nikaliandika kama vile nimelisoma kwenye jiwe. Kama ningeona mwingine amefanya hivyo kuhusu mji nisioujua, ningetaka afutwe.

Kanuni ya Wikipedia kuhusu jambo hili si siri. Haiulizi kwanza kama jambo ni kweli, inauliza kama linaweza kuthibitishwa kwa kitu kilichochapishwa na chenye kuaminika. Kwa miaka mingi ukurasa wa kanuni ulianza kwa kutamka wazi kwamba kigezo ni uthibitikaji, si ukweli. Maneno hayo yaliondolewa kwenye utangulizi mwaka 2012 kwa sababu watu walikuwa wakiyaelewa vibaya, ila kanuni yenyewe ilibaki. Na ina mantiki. Hawa wahariri hawajuani. Hawawezi kupanda gari kuja kumhoji nyanya. Kitu pekee wanachoweza kukubaliana wote ni ukurasa fulani wa kitabu fulani.

Shida ni kwamba kanuni hii inapima karatasi. Na sisi wa huku tunajua karatasi hufanya nini. Kuna Wapemba waliozaliwa Vanga, Shimoni na Gazi, wakavua hapo, wakaoa hapo, wakazika wazazi wao hapo, na serikali ya Kenya haikuwatambua rasmi kama raia mpaka mwaka 2023. Kabla ya hapo kila mtu mjini alijua fulani ni wa wapi, lakini kujulikana si kitambulisho. Mhariri wangu wa usiku ule alikuwa kama karani mpole: anakuona umesimama mbele yake, anakuamini labda, na hana fomu ya kukuingiza.

Tena hata jina lenyewe ni kazi. Ukitafuta habari za vita hivi kwa tahajia ya Jasini utapata kidogo. Inabidi ujaribu Jassin, Jasin, Yasini. Vanga kwenye karatasi za kale ni Wanga. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886, uliochora mpaka tunaouvuka leo kwa pikipiki, unaanzia kwenye mdomo wa mto uitwao humo Wanga au Umbe. Yaani waligawa nchi kwa mto ambao hawakuwa na hakika na jina lake. Ule wa mwaka 1890 ukasema ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Umba. Na hiki ndicho chanzo cha kuaminika, bana, kimepigwa muhuri.

Lakini karatasi nayo hudanganya, na hapa ndipo nilipoanza kuwaza upya. Ng'ambo ya bahari hii hii, Goa, India, palikuwa na vita vya Bicholim kati ya Wareno na Wamaratha, mwaka 1640 hadi 1641. Makala yake Wikipedia ilikuwa ndefu na nadhifu, yenye tanbihi kila kona. Iliwekwa Julai 2007, na mwaka huo huo wahariri waliikagua wakaipa daraja la makala nzuri. Ilikaa hivyo miaka mitano na zaidi. Desemba 2012 mtu mmoja akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alivitafuta vile vitabu. Havikuwepo. Vita havikuwepo pia. Mtu alikuwa amekaa akatunga vita vizima, na waandishi wake, na mkataba wa amani mwishoni.

Ziweke hizo mbili pamoja. Mikoko ya Vanga, ambayo huenda ilificha watu kweli, haikumaliza usiku mmoja. Bicholim, ambayo haikumficha mtu, ilikaa miaka mitano na cheti juu. Tofauti yao ni umbo tu. Bicholim ilijua kuvaa. Ilikuja na viatu na tai, mlinzi akafungua geti.

Kwa hiyo lawama yangu siitupi kwenye kanuni, naitupa kwetu wasomaji. Ile namba ndogo juu ya sentensi tunaichukua kama jibu, kumbe ni anwani tu. Inakwambia nani kaandika. Kama alikuwepo, alisimuliwa na nani, aliogopa nini, hayo inabidi uende mwenyewe mpaka kwenye hiyo anwani ubishe hodi. Mimi digrii niliiacha mwaka wa pili, kwa hiyo sina kadi ya maktaba yoyote ya maana, na makala nyingi za wasomi zinauzwa bei ya samaki wa wiki nzima. Lakini mengi ya zamani yako huru mtandaoni. Nilianza kubisha hodi.

Nikakutana na A. C. Hollis. Huyu alikuwa afisa wa kikoloni, na mwaka 1900 alichapisha Uingereza maelezo ya historia ya Vumba, ile dola ndogo ya madiwani iliyokuwa kwenye pwani hii ya Vanga na Wasini kabla ya wakoloni. Nasaba, madiwani, ugomvi wa miji. Aliyapata wapi? Kwa wenyeji. Wazee wa huku walisema, yeye akaandika. Leo ukimtaja Hollis kwenye tanbihi hakuna atakayekufuta, na wasomi wote waliokuja baada yake wanaanzia kwake. Zaidi ya miaka 100 baadaye Stephanie Wynne-Jones alikwenda kuchimba Vumba Kuu yenyewe, na mwaka 2010 akaandika jinsi watu wa huku walivyoihifadhi kumbukumbu ya udiwani kwenye vitu na mahali, si kwenye maneno peke yake. Yaani mdomo wa mzee wa Vanga ulikubaliwa zamani sana. Ulihitaji tu kupitia London kwanza.

Kuna waliolijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walirekodi watu India na Afrika Kusini wakieleza michezo, mapishi na ibada zao, wakazitumia rekodi hizo kama tanbihi za Wikipedia, na wakatengeneza filamu, People are Knowledge. Wazo zuri, na upinzani waliokutana nao ndani ya Wikipedia nauelewa pia. Mapishi yakikosewa chumvi, unapika tena uone. Siku saba au tatu za mwaka 1915 utazipika wapi?

Hapo ndipo Mfungo Sita ya nyanya iliponishika shati.

Kwa sababu hiyo unaweza kuipima. Tarehe 18 Januari 1915, ukiibadilisha kwa kalenda ya Kiislamu, inaangukia siku mbili tatu za mwanzo wa Rabiul Awwal mwaka 1333. Huo ndio Mfungo Sita. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Kwa hiyo usiku wa vita ulikuwa giza, kama asemavyo nyanya, na bahari ilikuwa bamvua. Mvuvi yeyote atakwambia kwamba pwani yetu, bamvua likiwa limeshika, maji hujaa mida ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Mtu aliyejificha mikokoni usiku ule angekaa kwenye tope kavu mpaka usiku wa manane, halafu maji yangeanza kuja. Yangemkuta alfajiri.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Wallahi mwili ulinisisimka.

Kisha nikajikalisha chini. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili tangu dunia iumbwe. Mtu yeyote wa Vanga anayetunga hadithi ya kujificha mikokoni atatia maji ya alfajiri, kwa sababu ndiyo anayoyajua. Na Mfungo Sita huja kila mwaka. Hesabu yangu inasema tu kwamba hadithi ya nyanya haipingani na tarehe. Kuthibitisha ni jambo lingine.

Mjomba je? Mbalamwezi yake haiwezi kuwa ya tarehe 18 wala 19. Nilikuwa tayari kumfuta, kwa adabu, haina chanzo. Halafu nikaangalia mwezi mpevu uliofuata: mwisho wa Januari, wiki mbili baadaye. Mwezi mpevu nao huleta bamvua, na maji yake pia hujaa alfajiri. Na ni katika wiki hizo baada ya Jasini ambapo Waingereza, wamepigwa na wamechoshwa na homa, walilihama bonde la Umba na kurudi nyuma. Jeshi linalohama linahitaji mabega. Sheria ya kuwalazimisha watu kuwa wapagazi ilikuja baadaye mwaka huo huo wa 1915, kwa hiyo inawezekana mjomba ameunganisha mambo ya miezi tofauti. Inawezekana pia kwamba watu walikuwa wakichukuliwa kabla ya sheria kuandikwa, kama kawaida ya sheria.

Huenda basi nyanya na mjomba hawabishani. Huenda bibi yule alikimbia mara mbili, mara ya giza na mara ya mwezi, akasimulia yote, na kila mmoja wa watoto akashika moja. Natumia huenda kwa makusudi na naomba asilifute mtu.

Kwa sababu kuna mtego mmoja. Mchoraji wa vibonzo Randall Munroe aliutania mwaka 2011: mtu anaandika jambo Wikipedia bila chanzo, mwandishi mvivu analinakili gazetini, halafu gazeti linawekwa Wikipedia kuwa chanzo cha jambo lile lile. Gazeti hili linachapisha. Lina mhariri, lina tarehe. Kesho mtu mwenye nia njema anaweza kuchukua makala yangu na kuibandika chini ya sentensi ya siku saba, na safari hii itakaa, na itakuwa ni mimi niliyeivalisha tai. Kwa huyo mtu: nilichoandika ni kwamba watu wawili wa Vanga waliniambia hivi, na kwamba mwezi na maji havikatai. Sijaandika kwamba ilitokea. Ukitaka kunitumia, tumia hilo.

Nimemrekodi kila mmoja peke yake, ili wasisikilizane. Mwanzoni mwa rekodi nataja tarehe, mahali, na nani alimsimulia. Siku hizi mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu ina mradi wake wa kaboni ulioanza mwaka 2019, Vanga Blue Forest, hekta 460, na miti yake inapimwa unene na urefu. Nimekuwa nikifikiria kwamba mikoko ile imepimwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala ndani yake.

Nyanya hajali. Anasema andika unavyotaka, mwanangu, ila usiseme tuliogopa. Mjomba ndiye mwenye neno. Nilipomsomea makala ya Jasini nikimtafsiria, alinisimamisha kwa Hanson.

"Huyu alikaa hapa siku ngapi?"

"Jasini? Siku chache tu."

"Na ametajwa jina."

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi nina miaka sitini na saba hapa," akasema, akaingia ndani kuchaji simu.

Jina lake liko kwenye rekodi, halitakuwa humu. Tumekubaliana bamvua lijalo la mwezi mwandamo tuingie mikokoni saa tano usiku, tukae mpaka maji yaje, tuone yanafika wapi kwa mtoto wa miaka kumi. Yeye atakuja na tochi, mimi na futi ya fundi.